Si Huyu

Kitambaa kipya kisichoguswa na maji kina harufu yake. Wenzangu mliokulia enzi za Mwingereza mnaijua: harufu ya wanga na vumbi la kasha, inayokwaruza puani kidogo. Juzi mkwe wangu alifungua jora zima sebuleni kwangu, kitambaa cha kushonea sare za harusi, akaniuliza, "Mama, rangi umeipenda?" Nikatoka nikakaa uani. Walidhani presha imepanda, wakaniletea maji. Haikuwa presha. Ilikuwa hasira, tena hasira kongwe, ya mtoto ambaye hata meno ya utoto hajamaliza kung'oa.

Baba yangu alikuwa Mhindi. Jina lake Rajabali Kurji, na duka lake lilikuwa Temeke, kando ya barabara ya mchanga, nyumba ya mabati kati ya nyumba za makuti. Aliuza kaniki, kanga, marekani, mafuta ya taa na sabuni za mche. Watu walimwita Rajabu, naye akaitika. Mama yangu, Mwajuma binti Kondo, alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, na aliolewa na baba kwa ndoa ya halali. Mahari yalitolewa, ubani ukafukizwa, watu wakala pilau, na Mwalimu Sefu, aliyekuwa akitufundisha Kurani sie watoto, ndiye aliyewafungisha. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo waliloligeuza uongo baadaye.

Tuliishi vyumba vya nyuma ya duka. Usiku harufu ya majora ilipenya mlangoni na kuingia kwenye shuka zangu, nikalala nayo. Nilipozaliwa, baba mwenyewe alipanda baiskeli akaenda mjini kuniandikisha. Wakati ule watoto wa Kiafrika hawakuandikishwa. Walizaliwa, wakakua au wakafa, na serikali haikuuliza. Wazungu na Wahindi ndio waliokuwa na daftari. Baba akaniandika humo: Sakina Rajabali Kurji. Mama alinisimulia kwamba siku ile alirudi akiimba.

Baba alikuwa na kaka yake mwenye duka kubwa mjini. Nilifundishwa kumwita Baba Mkubwa, ingawa hakuwahi kuingia ndani kwetu. Akija alisimama mlangoni, akazungumza na baba kwa lugha yao, akaondoka. Mie alikuwa akinitazama kama mtu anavyotazama mafuta yaliyomwagika sakafuni dukani. Nisieleweke vibaya. Pale pale Temeke alikuwako Mhindi mwingine, fundi bati, mwenye watoto sita wa mama wa Kimakonde, na Ijumaa aliwapanga wote mbele ya macho ya ndugu zake akawatambulisha kwa majina. Kwa hiyo jambo hili liliwezekana. Baba yangu alikosa moyo tu.

Siku za mwisho Baba Mkubwa alikuja mara kwa mara, na kila alipoondoka baba alikaa muda mrefu bila kula. Mama akimuuliza, alisema biashara. Kisha siku moja baba akamwita fundi cherehani wa barazani kwake, akamkatia kitambaa cha rangi ya waridi, nikashonewa gauni lenye mikunjo kiunoni. "Kesho tunakwenda mjini, mie na wewe," akaniambia.

"Kufanya nini?" mama akauliza.

"Mambo ya shule. Si ameshakuwa mkubwa?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nilivalishwa gauni likiwa halijafuliwa, gumu, linanichoma kwapani, na linanukia duka. Baba akaniweka kwenye kibebeo cha baiskeli, nikamshika kiunoni. Tulipita Keko, watu wakimsalimia, naye akijibu bila kugeuza uso. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Sijapata kuwa na furaha kama ile tena.

Mjini tulimkuta Baba Mkubwa anatungoja kwenye ngazi za ofisi. Ndani kulikuwa na harufu ya wino na karatasi za zamani, na feni kubwa ikizunguka polepole. Mzungu mwembamba alikaa meza ya mbele. Pembeni yake alikuwapo karani Mwafrika, kijana mwenye kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa bara. Baba Mkubwa akazungumza sana, Kiingereza, akitoa karatasi moja baada ya nyingine. Baba alikaa, kofia yake magotini.

Mzungu akaniita kwa kidole. Nikasogea. Akachukua penseli, akaiingiza ncha yake kwenye nywele zangu, akaziinua, akazitazama, akaziachia. Kisha akanigeuza mkono akatazama kiganja. Nilidhani ananipima kwa ajili ya shule, kama watoto walivyokuwa wakipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Nikasimama wima ili nifaulu.

Karani akainama kwangu. "Binti, baba yako ni nani?"

Nikacheka. Swali lilikuwa jepesi mno, nikaona ni la kunijaribu. Nikamnyooshea kidole baba, aliyekuwa amekaa hatua mbili tu kutoka hapo. "Si huyu," nikasema.

Ninyi mnajua nilichosema. Mtoto yeyote wa pwani angesema hivyo. Ukimuuliza kalamu iko wapi, atakwambia si hiyo hapo mbele yako. Lakini karani alisita, akamgeukia Mzungu, na kabla hajafungua kinywa Baba Mkubwa akadakia kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, "Umesikia mwenyewe. Mtoto amesema. Si huyu." Kisha akayarudia kwa Kiingereza.

Nikamtazama baba. Yeye alikijua Kiswahili changu. Yeye na mama ndio walionifundisha kusema. Alielewa nilichosema, na kile kidole alikiona. Neno moja tu lingetosha. Alikuwa akizungusha kofia yake, polepole, kama anatafuta mahali ilipoanzia kushonwa.

"Basi tuandike binti nani?" karani akauliza.

"Abdallah," Baba Mkubwa akajibu, papo hapo. Alikuja nalo kutoka nyumbani.

Muhuri ukapigwa kwenye cheti kipya. Karani akanipa tabasamu dogo, akaniambia, "Haya, Sakina. Kuanzia leo jina lako ni Sakina binti Abdallah. Usilisahau." Nikaitikia kwa adabu. Nilielewa kwamba nimefaulu. Niliona kwamba mtoto anayeanza shule hupewa gauni jipya na jina jipya, kila kimoja cha kutokea mbele za watu, na kwamba jina la zamani litabaki la kuvaa nyumbani.

Baba akaninunulia jalebi Uhindini, zikanidondokea sukari kwenye gauni, wala hakunigombeza. Tuliporudi Temeke hakunifikisha nyumbani. Alinishusha kwenye kona, akaniwekea mkono kichwani, akakaa hivyo muda. "Nenda kwa mama yako," akasema. Akapanda baiskeli, akarudi alikotoka.

Mie nikakimbia. Kwenye kona ile alikaa mzee muuza mihogo ya kuchoma, na jina lake Abdallah. Sikumjua Abdallah mwingine. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba Abdallah. Mie sasa ni binti yako. Nimeandikwa mjini."

Akaacha kugeuza mihogo. "Nani kakwambia hivyo, mwanangu?"

"Serikali."

Hakucheka, nami nikashangaa, maana alikuwa mtu wa mzaha. Alinipa kipande cha muhogo, akasema nende kwa mama upesi, na nisimwambie mtu mwingine njiani. Nilikuwa nimeshawaambia watu watatu.

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Nikasimama mbele yake nikajizungusha gauni lipepee, nikamwambia jina langu jipya. Ungo ukasimama.

"Rudia."

"Sakina binti Abdallah."

"Abdallah yupi?"

"Sijui. Labda wa mihogo."

Hakulia. Aliweka ungo chini, taratibu, punje isianguke, akaniuliza mambo yote tangu mwanzo, nani alikaa wapi, nani alisema nini. Nilipofika kwenye nywele na penseli akanivuta, akanivua lile gauni, akanifunga kanga yake mwenyewe kifuani. Kisha akakaa na gauni mapajani, akilitazama kana kwamba ni mnyama aliyeingia ndani bila kubisha hodi.

Maana ya jina lile niliijua chuoni, kwa Mwalimu Sefu. Msichana mmoja mkubwa aliniambia mbele ya wenzetu, "Abdallah ni mja wa Mungu. Ndiye baba wa wasio na baba. Wewe mwanaharamu." Nikamkamata nywele. Mwalimu alipotutenganisha na kusikia kisa, fimbo ilimshuka mkononi. Kwa kuwa kama mie ni mwanaharamu, basi mama yangu alizini, na yeye, Mwalimu Sefu, alisoma hutuba ya uongo, na watu wote wa Temeke walikula pilau la haramu. Baba Mkubwa alikuwa Mwislamu. Alilijua jina alilolichagua. Mzungu hakulijua, na karani labda hakulijua, lakini yeye alilijua, akalitoa mdomoni kama mtu anayetema mbegu. Hilo, mpaka leo, sijalisamehe.

Baba hakurudi. Mkokoteni ulikuja ukachukua majora yote, duka likafungwa, mwenye nyumba akatudai vyumba vyake. Tukahamia kwa ndugu za mama, upande wa Mtoni. Habari ikaja kwamba mchumba wa baba ameletwa kwa meli kutoka kwao, na kwamba wazazi wa yule binti walitaka kwanza wahakikishiwe kuwa hakuna mke mwingine wala mtoto. Wakaonyeshwa karatasi safi. Baba akafungua duka jipya Kinondoni.

Mama alimngoja Mwalimu Sefu amalize darasa, wakanichukua, tukaenda mjini kwa miguu. Karani alikuwa yule yule. Mzungu hakutoka chumbani kwake.

"Mwanangu mmemwandika vibaya," mama akasema. "Nimekuja mrekebishe."

Karani akapekua daftari, akasoma, akalifunga. "Mama, mtoto mwenyewe alimkana. Nilimuuliza kwa Kiswahili, akasema si huyu."

Mama akanigeukia. "Ulisemaje? Sema kama ulivyosema."

Nikanyoosha kidole, nikasema, "Si huyu."

Mwalimu Sefu akafumba macho. Mama akamtazama karani. "Wewe ni mtu wa wapi, baba?"

"Bara, mama."

"Na huko kwenu, mtoto akiulizwa mama yako yuko wapi, akasema si yule anateka maji, huyo amemkana mama yake?"

Karani akalitazama tena daftari. Nilimwona ameelewa, mabega yalimshuka kama ya mtu aliyepokea habari ya msiba. Nafikiri hata siku ile ya kwanza alielewa, akaogopa. "Ndoa yenu iliandikishwa wapi?" akauliza.

"Niliifunga mie," Mwalimu Sefu akasema. "Mashahidi wako hai."

"Una hati?"

"Nina mashahidi. Mtume hakuagiza hati."

"Hapa wanataka hati, mwalimu. Na kulirudisha jina, lazima baba mwenyewe aje aape. Tena kuna jambo jingine. Huyu sasa ameandikwa mwenyeji, na wenyeji hawamo katika daftari hili."

"Alipozaliwa alikuwa Mhindi," mama akasema. "Mkamwandika. Sasa anang'oa meno, mmemfanya Mzaramo. Uzaramo si aibu, mie ni Mzaramo. Nataka kujua ni penseli ya namna gani hiyo, inayoingia kwenye nywele za mtoto ikatoka na kabila."

"Mama, mie ni karani tu."

"Najua. Ndiyo maana nazungumza na wewe. Aliyeandika yuko ndani, hatoki."

Akatuomba radhi kwa sauti ndogo, na akatufungulia mlango. Mie nilitaka avunje kitu, apige kelele, amwite Mzungu. Nilikuwa bado nadhani wakubwa wakielewa jambo hulitengeneza. Huyu alikuwa ameelewa, na hakutengeneza chochote. Niliona heri asiyeelewa.

Shule ikaanza. Cheti changu kilikuwa kile cha muhuri, na bila hicho sikupokewa. Mwalimu akaita, "Sakina binti Abdallah." Nikanyamaza. Akaita tena, akanitazama, maana kila mtu alikuwa ameshaitika isipokuwa mie. "Huna masikio?"

"Si jina langu."

"Jina lako ni lipi?"

La baba nililichukia, na la Abdallah nililichukia zaidi. Nikasema jina la mtu pekee aliyetembea kwa miguu mpaka mjini kwa ajili yangu. "Sakina binti Mwajuma."

Darasa zima likacheka. Mtu haitwi kwa mama yake. Nilichapwa siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata, kila asubuhi kabla ya hesabu, viganja vikafura nikashindwa kushika kalamu. Sikumwambia mama. Nilikuwa najivuna kwa siri. Nilijua akisikia atafurahi.

Alipoona viganja vyangu akanilazimisha kusema. Nikamwambia, nikingoja anikumbatie. Akasema, na sauti yake ilikuwa ngumu kuliko ya mwalimu, "Nani kakutuma kuniaibisha?"

Nikaficha viganja mgongoni.

"Wakisikia binti Mwajuma watasema basi ni kweli, kampata njiani. Baba Mkubwa wako aliandika hivyo kwa Kiarabu, wewe unaandika hivyo hivyo kwa Kizaramo. Una baba. Mwoga, msaliti, mwite upendavyo, mie sikuzuii. Lakini unaye, na mie nilikuwa mke wake. Utaitwa binti Rajabali. Humbebi yeye. Unanibeba mie."

Nililia sana siku ile, kwa hasira. Niliona ni dhuluma juu ya dhuluma: mtu anitupe, halafu mie ndiye nilitunze jina lake. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mama hakuwa na kitu kingine cha kujisitiri nacho. Akaenda shuleni na Mwalimu Sefu, wakazungumza na mwalimu wangu faragha. Cheti hakikubadilika, wala hakijabadilika hadi leo. Lakini kuanzia hapo mwalimu akiita daftari, akifika kwangu alikuwa akiinua macho kutoka kwenye karatasi na kusema, kwa mdomo wake mwenyewe, "Sakina binti Rajabali." Nikaitika. Kila siku nililichukia, na kila siku niliitika.

Nilipopata mchumba, kijana wa reli, ndugu za mama walisema Mwalimu Sefu asimame awe walii wangu, mambo yaishe. Mama akakataa. "Baba yake yu hai, yuko Kinondoni. Aje amwoze binti yake." Akatuma mtu. Hakuja. Akatuma tena. Mwisho akaenda Mwalimu Sefu mwenyewe, mzee tayari, akitembelea fimbo, na sijui alimwambia nini, lakini siku ya harusi baba alikuja.

Wanaume walikuwa barazani, sie wanawake ndani, mlango umefunikwa pazia. Nilimwona kupitia upenyo. Alikuwa amenenepa, nywele zimepungua, ameshika kofia yake. Mwalimu akamtamkisha. Baba akasema maneno yale, nimekuoza binti yangu Sakina, haraka, kidevu kifuani, kama mtu anayeomba njia kwenye msongamano.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia. "Mwalimu," akasema, "huku ndani hatukusikia."

Mwalimu Sefu akakohoa. "Rudia, Rajabali. Wanawake hawakusikia."

Akarudia. Sauti ilikuwa kubwa kidogo.

"Bado, mwalimu," mama akasema.

Baba akainua kichwa. Alitazama lile pazia, na nadhani alijua ni nani aliye nyuma yake na anataka nini. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, mbele ya watu wa Temeke wote waliokuja kula, kwamba mie ni binti yake, wa ndoa, naye ananioza.

Vigelegele vikalipuka. Mama hakupiga. Alikaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu kainyoosha, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akamwambia mama yangu mdogo amletee maji ya kunywa.